Hii Ni Wapi?

Mtu akionyeshwa picha asiyoielewa huuliza maswali mawili. La kwanza ni "Hii ni nini?" La pili, kama bado ana hamu, ni "Hii ni wapi?" Wapigapicha wa mandhari wanaofuata mkondo wa kidhahania, yaani wale wanaosogelea mchanga, maji, mawingu au magome ya miti mpaka vitu hivyo visitambulike, wamezoea kulikwepa swali la kwanza, na mara nyingi wana haki. Picha si kitambulisho. Hakuna anayelazimika kunieleza kwamba mistari ile ni matuta ya mchanga kabla sijaruhusiwa kuipenda. Ninalotaka kulijadili ni swali la pili. Naona picha nyingi za aina hii zinalitupa pamoja na la kwanza, kana kwamba maswali hayo ni kitu kimoja. Hasara yake haimwangukii mpigapicha; inawaangukia wengine.

Tuanze na mawingu. Mwaka 1922, huko Lake George katika jimbo la New York, Alfred Stieglitz alianza kuielekeza kamera yake juu. Alikuwa na miaka 58, jina lake lilikuwa kubwa Marekani, na alikuwa amekerwa na maneno kwamba nguvu ya picha zake ilitokana na watu aliowapiga, ati alikuwa akiwapumbaza. Mawingu, alieleza katika makala ya mwaka uliofuata, ni ya kila mtu, na bado hayajatozwa kodi. Kama angeweza kutoa picha nzuri kutoka kwenye kitu kisicho na mwenyewe, wakosoaji wake wangenyamaza. Aliendelea na kazi hiyo hadi katikati ya miaka ya 1930, na kuanzia 1925 aliziita picha hizo Equivalents, yaani visawe: kila wingu lilikuwa kisawe cha hali fulani ya moyo wake.

Kiufundi halikuwa jambo dogo. Kemikali za picha za karne ya 19 zilipokea rangi ya buluu kwa pupa mno, hivyo anga iliungua ikawa nyeupe na mawingu yakapotelea humo. Mfaransa Gustave Le Gray, katika miaka ya 1850, alilazimika wakati mwingine kuunganisha negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya anga, ili vyote viwili vionekane katika picha moja. Stieglitz alifanya kazi wakati ambapo filamu zilikuwa zimeanza kupokea rangi zote kwa uwiano mzuri zaidi, na aliweza kuifanya anga iwe karibu nyeusi. Weusi huo ndio uti wa mgongo wa picha zake. Wingu jeupe linaelea ndani ya kiza cha mchana, hakuna upeo wa macho, hakuna paa wala mti, na ukiigeuza picha juu chini haikupingi. Nyingi ni ndogo, kama sentimita 9 kwa 12. Sisi tunaozitazama kwenye simu tuna bahati ya ajabu: zinatufikia karibu na ukubwa wake wenyewe, tukiwa tumezishika mkononi kama zilivyokusudiwa kushikwa.

Ninazipenda, lakini zile za mwanzo nazipenda zaidi. Katika baadhi ya zile kumi za 1922 ardhi bado ipo: kilima cheusi chini, na wingu limekilalia. Baadaye ardhi ikaondolewa. Sasa isome ile makala ya 1923. Humo Stieglitz anatuambia mama yake alikuwa anakufa, mali ya familia ilikuwa inasambaratika, miti ilikuwa inakauka mmoja baada ya mwingine, na farasi mzee wa miaka 37 alikuwa akihudumiwa na mtunzaji mzee wa miaka 70. Yote hayo ni ya mahali pamoja, pana jina, na pana watu. Hakuna hata moja lililoingia katika picha. Aliamini kwamba wingu linatosha kuyabeba.

Hapo ndipo ninapobishana naye. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Katika methali hiyo wingu ni habari. Linamwambia mtu aanue nguo, aingize mahindi ndani, aahirishe safari. Linasomwa na yule ambaye kesho yake inalitegemea. Katika Equivalents wingu ni habari za Stieglitz peke yake. Ni ujasiri mkubwa kulitoa wingu katika kazi yake ya kila siku na kusema litazameni kama mnavyosikiliza muziki. Lakini ni ujasiri wa mtu ambaye chakula chake hakitoki shambani. Aliacha zaidi ya picha 200 za jina hilo, na nikizipitia nyingi kwa mpigo nachoka, kwa sababu mbele yangu anabaki moyo wa mtu mmoja, na anga ambayo haimjibu.

Watetezi wa mtindo huu watasema natafuta uandishi wa habari mahali pa sanaa. Mara nyingi hujitetea kwa kuwataja wachoraji wa impreshonizimu: kama Monet aliruhusiwa ukungu, kwa nini kamera isiruhusiwe? Nakubali mfano huo, ila nadhani unawahukumu wao. Monet alipochora marundo ya mavuno kati ya 1890 na 1891, aliyachora katika mashamba ya jirani na nyumba yake Giverny, tena na tena, asubuhi, jioni, theluji ikiwa imeanguka, theluji ikiyeyuka. Marundo yalibaki palepale. Kilichobadilika ni mwanga. Uzuri wa kazi ile ni kwamba mahali na saa vimeshikwa kwa ukaidi. Ukungu wake si kutojua alipo. Ni matokeo ya kupajua mno.

Kamera nayo ina ukungu wake wa kweli. Katikati ya miaka ya 1950, Ernst Haas, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alipiga mchezo wa fahali huko Hispania kwa filamu ya rangi. Filamu hiyo ilipokea mwanga polepole, na badala ya kupambana na udhaifu huo, Haas aliiacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi. Fahali na mtu wakayeyuka, wakawa mkondo mmoja wa rangi. Ukungu ule unatueleza jambo la kweli: mwendo ulikuwa wa fahali, hatari ilikuwa ya mtu. Linganisha na picha za misitu zilizojaa mtandaoni leo, ambazo mpigapicha hufungua shata kwa nusu sekunde na kuishusha kamera kutoka juu kwenda chini, miti ikawa michirizi ya kijani na kahawia. Miti haikusogea. Kilichosogea ni mkono. Unaweza kuipiga Usambara au Ujerumani, mikoko au misonobari, na ukapata michirizi ileile. Picha ya Haas isingeweza kuwa ya kitu kingine. Hii inaweza kuwa ya chochote, na ndiyo maana inapendeza kwenye ukuta wa hoteli: haimdai mgeni kitu.

Kuna njia nyingine ya kuufikia udhahania, nayo ni kuondoa. Mwaka 1999 Andreas Gursky, Mjerumani, alitengeneza Rhein II: mikanda mlalo ya nyasi, njia, maji na anga ya kijivu, katika picha yenye upana wa zaidi ya mita 3. Kwa kompyuta alifuta vitu vilivyomkera, likiwemo jengo la viwandani lililokuwa ng'ambo ya mto. Mwaka 2011 picha hiyo iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 4.3, bei ambayo wakati huo hakuna picha iliyowahi kuifikia. Gursky hakuficha alichofanya, na jina la mto amelibakiza. Hilo ndilo linaloniokolea picha yake. Kwa kuwa najua ni Rhine, mto wa viwanda na majahazi ya mizigo, ule utupu unaniuliza swali. Ningeambiwa ni "Mto" tu, ningeona pambo.

Hiroshi Sugimoto analionyesha jambo hili vizuri kuliko wote. Tangu 1980 Mjapani huyu amekuwa akipiga bahari: nusu ya juu hewa, nusu ya chini maji, mstari katikati, basi. Hakuna meli, hakuna ndege, hakuna ufuko. Wapenzi wa U2 wanaijua mojawapo kutoka kwenye jalada la albamu yao ya 2009. Ukitazama haraka utasema zote ni moja. Lakini chini ya kila picha ameandika jina la maji, nchi au mji, na mwaka. Unasoma "Bahari ya Karibi, Jamaika, 1980", na yale maji ya kijivu yanabadilika mbele ya macho yako. Karibi ni maji ya meli za watumwa, na sasa uko mbele ya mstari ambao watu waliukodolea macho kwa sababu zao. Sugimoto haongezi kitu ndani ya picha. Maneno matatu na tarakimu nne zinatosha. Udhahania wake haukupungua hata chembe kwa kutuambia ni wapi.

Nimeyasema haya yote nikilifikiria ziwa moja la kwetu. Natron, kaskazini mwa Tanzania karibu na mpaka wa Kenya, ni miongoni mwa maziwa yanayopendwa sana na wapigapicha wa angani. Ni ziwa la kina kifupi lenye magadi mengi. Maji yake hukolea wekundu kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi, na juu yake ganda jeupe hupasuka likafanya mtandao wa mishipa. Kutoka kwenye ndege au droni unaona damu na maziwa. Jirani yake upande wa Kenya, Ziwa Magadi, hutoa picha za namna hiyohiyo, na huko baadhi ya maumbo yaliyonyooka yanayosifiwa kama jiometri ya asili ni kazi ya mikono ya watu, kwa kuwa magadi yamevunwa pale kwa zaidi ya miaka 100.

Ninaelewa kwa nini picha hizi zinavutia. Mandhari ya Afrika Mashariki yamefungwa muda mrefu katika picha moja: mgunga mmoja, jua linazama, twiga kasimama. Picha ya Natron isiyo na mgunga wala twiga inatutoa katika kalenda ile. Ni nafuu, na ni nafuu ya kweli. Lakini inapowekwa mtandaoni kwa jina la "Mshipa" au "Sayari Nyingine", tumebadilishiwa jela. Picha ya kwanza ilisema hapa wanaishi wanyama tu. Ya pili inasema hapa hapaishi chochote.

Na hapo panaishi vingi. Natron ndilo zalio kuu la heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Kando yake wanaishi Wamaasai, chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao jina lake lina maana ya Mlima wa Mungu. Karibu na kijiji cha Engare Sero, kusini mwa ziwa, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizogandishwa katika majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita. Katikati ya miaka ya 2000 palizuka ubishi mkali juu ya mpango wa kujenga kiwanda cha magadi hapo. Na neno lenyewe, magadi, ni neno la jikoni: ndiyo yanayolainisha maharage. "Sayari Nyingine" ndiyo inayotupikia makande.

Katika ubishi wa namna ile, picha si mtazamaji asiye na upande. Mahali panapojulikana duniani kwa picha zisizo na mtu ni rahisi kupazungumzia kama pasipo na mtu. Simshutumu mpigapicha yeyote kwa nia hiyo. Nasema tu kwamba udhahania ukikutana na ardhi inayogombewa, kimya chake kinasikika upande mmoja.

Dawa yake ni ndogo, na Sugimoto amekwisha kuionyesha. Andika jina. Andika mwezi na mwaka, na kama ulikuwa angani, andika ulikuwa juu kiasi gani. Wekundu utabaki wekundu uleule. Kitakachobadilika ni kwamba kijana wa Engare Sero akiiona picha hiyo kwenye simu yake ataweza kukuandikia: umekosea, hapo si kusini, ni upande wa pili, na mwezi huo ganda huwa halijapasuka hivyo. Picha isiyo na mahali haiwezi kubishiwa na mtu wa mahali hapo. Mimi nitaiamini zaidi ile inayoweza.