Bati Halizeeki Bure

Bati likishang'olewa paani, kwa wengi wetu habari yake imekwisha. Litafunika banda la kuku, litaziba pengo la ua, na likishindwa hata hayo litapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa skrepa. Lakini wapo wanaolipokea hapo hapo tulipolikatia tamaa: mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, wenzao wa Gerezani jijini Dar es Salaam, na wasanii wachache ambao kazi zao zimefika kwenye majumba ya sanaa ya ng'ambo. Watu hawa husifiwa, ila husifiwa vibaya. Tunawaambia wanasafisha mazingira, wanageuza takataka kuwa mali. Sifa hiyo inaitukuza takataka na kumsahau fundi. Mimi nataka kuusifu mkono wake na akili inayouongoza.

Bati la migongo lina wazazi wawili. Mwaka 1829 mhandisi Henry Robinson Palmer alipata hataza mjini London kwa wazo la kukunja bamba jembamba la chuma liwe mawimbi. Bamba hilo likiwa bapa hulegea na kuyumba. Likikunjwa, hukakamaa na kubeba uzito. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza yake ya kukinga chuma kwa zinki. Chuma chepesi, kigumu, kisichooza upesi: ndicho kilichopanda meli na garimoshi hadi kwetu, na Nairobi ilipoanza mwaka 1899 kama kituo cha reli, ilikuwa mji wa mahema na mabati. Migongo na zinki ndiyo mambo mawili ambayo fundi wa bati kuukuu hushughulika nayo mpaka leo. Moja humpa kazi ya kunyoosha, la pili humpa kazi ya kufikiri.

Mtazame akianza. Hachukui nyundo ya chuma, kwani hiyo hulitanua bati na kuliachia makovu yasiyofutika. Huchukua nyundo ya mti na kuilaza migongo mmoja mmoja, kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha huligeuza bati na kulisoma. Hapa palipita misumari, kwa hiyo pana matundu. Hapa maji yalituama, kwa hiyo pamelika. Hapa bati lilifunikwa na jirani yake, kwa hiyo bado linang'aa kama lilivyotoka dukani. Huchora kwa ncha ya msumari, akizungusha umbo lake katikati ya uzima na ubovu, hukata kwa mkasi, halafu hulaza ukingo juu ya kipande cha reli na kuukunja kama mshonaji anavyokunja upindo, ili usimkate mtoto atakayeushika. Pande mbili zikikutana, kila moja hukunjwa kuwa ndoano, zikaingizwa na kugongwa zikaumana. Hapo hapana gundi wala risasi, na sanduku likitoka hapo mwanafunzi wa bweni atalikalia, atalibebea vitabu, na pengine atamrithisha mdogo wake.

Mpita njia anaweza kudhani fundi hukunja kwa kukosa mashine ya kulehemu. Sivyo. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta huweza kulala usiku akitetemeka kwa homa. Isitoshe, moto huo huunguza ile zinki iliyokuwa ikikilinda chuma, na kutu huanzia palepale penye kiungo. Mkunjo ni uamuzi wa mtu anayelijua bati lake. Rangi nayo ina kanuni yake. Bati jipya, lenye maua ya zinki yanayometameta, huikataa rangi ya kawaida. Utaipaka leo, baada ya muda itabanduka magamba. Bati lililokwisha kupigwa na mvua na jua kwa miaka huipokea vizuri zaidi. Kwa hiyo ukuukuu ambao sisi tunauona kasoro, kwa mchoraji wa mabango na mtengeneza sanamu za majogoo za bustani ni sifa.

Aliyelifikisha jambo hili mbali sana ni Naomi Wanjiku Gakunga, msanii aliyezaliwa Kenya mwaka 1960 na anayeishi San Antonio, Marekani. Yeye hutumia bamba la bati na waya wa chuma, na kutu anaikaribisha. Huliacha bati kwenye maji na hewa mpaka lianze kutoa rangi zake lenyewe: kahawia, rangi ya chungwa, weusi wa samawati. Kisha hukata, hukunja, hutoboa, na kuunganisha kwa waya akishona na kufuma, hadi chuma kining'inie ukutani kwa mikunjo laini ya kitambaa. Kazi hizo zimeonyeshwa October Gallery, London. Anayezitazama kwa mara ya kwanza huona nguo. Akisogea ndipo anapogundua ameona paa.

Na paa hilo lina historia. Katika miaka ya 1960, wanawake wa Kenya ya kati waliunda vikundi vilivyojulikana kwa jina la mabati. Walichanga fedha kidogo kidogo, wakamwezekea mwenzao mmoja, kisha wakaanza kumchangia mwingine, mpaka nyasi zilipotoka kwenye nyumba zao. Gakunga amewataja wanawake hao kama chimbuko la kazi yake. Ndiyo maana kushona bati kwake si kiini macho. Bati lilikuwa akiba ya wanawake kabla halijawa sanaa. Anapolitia mshono, anairudishia mali hiyo jina la wenyewe.

Hali ni hiyo hiyo kwa vifaa vingine vya ujenzi. Kitengela, kusini mwa Nairobi, wapuliza vioo huyeyusha mabaki ya vioo vya madirisha na kuyafanya bilauri, taa na shanga. Kioo cha dirisha hakikutengenezwa kipulizwe. Hukakamaa upesi kikitoka tanuruni, na mpulizaji sharti awe na mkono mwepesi na asiyumbe katika shauri lake. Wepesi huo unaonekana kwenye bilauri yenyewe: nene, yenye ukijani hafifu, na mara nyingi yenye kiputo cha hewa kilichonaswa kabla hakijatoroka.

Nisieleweke kwamba kila kilichotokana na skrepa ni kizuri. Zipo sanamu ambazo ni rundo la nati na minyororo lililopewa macho mawili, na mtazamaji anaombwa ashangae tu kwamba hizo zilikuwa nati. Mshangao wa namna hiyo huisha kabla chai haijapoa. Kipimo changu ni kimoja: kama nisingeambiwa kitu hiki kilitokana na nini, je, ningesimama kukitazama? Sanduku la Kamukunji lililokunjwa sawasawa hulipita jaribio hilo. Mabati ya Gakunga hulipita. Vinyago vingi vya kuuzia watalii havilipiti, na kuvisifu kwa sababu vimeokoa mazingira ni kuwadhulumu waliojitaabisha kujifunza kazi.

Dhuluma yenyewe huanzia kwenye bei. Mteja huja, hulizungusha sanduku mkononi, hulibisha kwa kidole na kusema, "Mzee, si ni bati la zamani tu hili? Nipunguzie." Hakuna anayekwenda kwa fundi seremala na kumwambia meza hii ni mti tu. Tumekubali kwamba ubao hulipiwa pamoja na ujuzi, lakini bati kuukuu tunataka tuuziwe kwa kilo hata baada ya kupita mikononi mwa bingwa. Ukienda safari nyingine, angalia viungo, pitisha kidole kwenye ukingo uone kama unakata, muulize fundi amejifunza kwa nani na ana vijana wangapi anaowafundisha. Ukiridhika, lipa bei aliyoitaja. Bati alilipata kwa bei ya skrepa, ni kweli. Ujuzi wake ulimgharimu miaka, na huo ndio unaoununua.