Kigae kina namba, mfinyanzi hana jina

Katika muze, yaani nyumba ya makumbusho, chungu kikivunjika hakitupwi. Kila kigae kinaoshwa, kinakaushwa, kinaandikwa namba kwa wino mweusi na kutiwa ndani ya mfuko. Ni kazi nzuri, tena ya lazima. Lakini ukiuliza, "Ni nani aliyefinyanga chungu hiki?", unajibiwa jina la kabila. Na ukiuliza, "Ni nani aliyeandika namba hizi zote?", unajibiwa: "Aah, ni bastajeri tu." Maswali ni mawili, jibu ni moja: hakuna mutu. Maandishi haya yanataka kuonyesha kwamba ukimya huu wa pande mbili una mzizi mmoja, na kwamba unatugharimu sana, sisi tunaosema kila siku kwamba tunapenda mila zetu.

Tuanze na kile ambacho Katanga nzima inapaswa kujivunia. Katika bonde la Upemba, kando ya ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua makaburi mwaka wa 1957, wakarudi tena 1958. Jacques Nenquin na Jean Hiernaux ndio wanaotajwa kwa kazi hiyo. Kiisha, kuanzia 1974, Pierre de Maret aliiendeleza. Walikuta watu waliozikwa pamoja na vitu vya chuma, vya shaba, na zaidi ya yote vyungu. Vyungu vizuri kabisa ni vya kipindi ambacho wataalamu wanakiita Kisale ya klasiki, kati ya karne ya 10 na karne ya 13.

Mtu akivitazama bila haraka ataona mambo mengi. Tumbo ni la mviringo, mdomo umekunjwa kuelekea ndani, mkono umebandikwa kwa ufundi, mistari imechorwa kabla udongo haujakauka. Kuna hata majiko madogo ya udongo yenye pembe tatu za kushikilia chungu, ndugu wa zamani wa mbabula yetu ya leo. Na katika makaburi ya watoto, vyungu ni vidogo. Fikiri kidogo jambo hilo. Mtoto amekufa, na kuna mutu aliyeketi kufinyanga chungu cha kimo chake. Mfinyanzi huyo hakuokota tu kitu kilichobaki nyumbani. Inaonekana aliombwa, na wale waliomuomba walijua nyumba ya kupiga hodi.

Sasa tuangalie tulichofanya na urithi huo. Msalaba mdogo wa shaba, ambao ulienea zaidi katika makaburi ya kipindi kilichofuata, kila mtoto wa Katanga anaujua. Uliwekwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga mwaka wa 1960, uliwekwa kwenye sarafu yake, na mpaka leo unauzwa kama ukumbusho kwa wageni. Chungu kilicholala katika udongo ule ule hakikuwekwa popote. Sababu haifichiki: shaba ni feza, udongo ni uchafu wa mikono. Tumewachukua wazee wetu kama mgodi, tukatoa kile kinachong'aa, tukaacha kile kinachoonyesha akili na huruma yao.

Kuna wanaojibu: "Bankambo habakukuwa banaandika jina ku chungu. Kazi ya mila haina mwenyewe, ni ya batu bote." Jibu hili linapendwa sana kwenye mikutano ya utamaduni. Linasikika vizuri, lakini si la kweli. Katika kijiji ambamo kuna wamama watatu wanaofinyanga, kila mpishi anajua chungu cha nani kinavumilia moto na cha nani kinapasuka. Anajua mkono kwa kutazama mdomo wa chungu, sawa vile unavyojua mwandiko wa ndugu yako. Jina halikuandikwa kwa sababu halikuwa limepotea. Lilipotea siku chungu kilipotoka kijijini, kikapanda mashua, kisha gari, kisha meli, na mwenye kukibeba hakuuliza. Kwa hiyo kukosa jina si mila yetu. Ni alama ya ile safari, na sisi tunaiendeleza kwa hiari yetu.

Ushahidi upo. Upande wa pwani ya Kongo, katika watu wa Woyo, aliishi mfinyanzi aliyeitwa Voania, wa kijiji cha Muba, ambaye alikufa 1928. Alifinyanga vyungu vyenye watu waliokaa juu yake, vingi vikinunuliwa na Wazungu, na jina lake akaliandika katika udongo wenyewe. Matokeo ni nini? Leo, muze ya Ulaya au ya Marekani ikiwa na chungu chake, inaandika jina lake. Vyungu vingine vya wakati ule, hata vile vya Mangbetu vyenye kichwa kirefu cha mwanamke, ambavyo vinapendwa duniani kote, karibu vyote vinabaki na jina la kabila peke yake. Haina maana kwamba Voania aliwapita wote kwa ufundi. Aliwapita kwa kuelewa kwamba mnunuzi wa mbali hajui nyumba yake.

Hapa Lubumbashi tuna somo lingine. Mwaka wa 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake, Le Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Bela aliyechora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi mifupi. Mwaka wa 1951 Laurent Moonens akaanzisha akademi ya Beaux-Arts. Tunaweza kubishana sana juu ya ubaba wa Mzungu yule na "wanafunzi" wake, na mabishano hayo ni ya haki. Lakini tuseme ukweli: wachoraji hao walikuwa na mahali pa kufanyia kazi, walikuwa na rangi, walikuwa na wanunuzi, na majina yao yaliwekwa kwenye picha. Ndiyo sababu tunayataja leo. Kipawa kilikuwa chao wenyewe, lakini jina lilitaka nyumba ya kulitunza. Vilevile, tangu 2008, mkutano wa Picha, ambao ulikuja kuwa Biennale ya Lubumbashi, umewafungulia mlango vijana wa kamera na wa video. Watu wa udongo bado wanangoja mlango wa namna ile.

Kijana anayetoka leo katika shule ya sanaa akiwa amejifunza udongo anakuta nini? Kwanza, jiko la kuchomea linaomba umeme, na umeme tunaujua. Chungu kikikatiwa moto katikati ya kuchomwa, kazi ya wiki tatu imekwenda. Pili, nyumbani watu wananunua sufuria ya aluminium na bidon ya plastiki, na hatuwezi kuwalaumu. Tatu, udongo wa vichuguu unaozunguka mji unakwenda kwenye matofali, kwa kuwa tofali linauzwa leo leo. Inabaki maonyesho. Anaitwa alete kazi zake, asafirishe mwenyewe kwa feza yake, azipange, azilinde. Mwisho wa sherehe anapewa karatasi na kinywaji baridi, na anaambiwa: "Sasa unajulikana." Lakini kujulikana hakununui makala ya kuchomea vyungu vya kesho.

Stajeri wa makumbusho, ndugu yake, ana hadithi ya namna ile ile. Anafika na barua ya chuo kikuu, amesoma historia au antropolojia. Analipa mwenyewe basi la kwenda na kurudi. Anafagia bohari, anahesabu masanduku, ananakili fishi zilizoliwa na mchwa, anapima vigae, anachora midomo ya vyungu kwenye karatasi ya miraba. Baada ya miezi mitatu anapata atestasyo inayosema kwamba "alifanya staji kwa bidii". Haisemi ni vyungu vingapi alivyopima, ni fishi gani alizosahihisha, wala ni kosa gani aligundua. Akienda kuomba kazi, karatasi hiyo ni sawa na ya mwenzake aliyekuja mara nne kusinzia.

Kuna watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya vijana tu, na kwamba inchi ina shida kubwa kuliko hizo. Basi tuwape sababu ya kiserikali. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha Kinshasa vitu 114 kutoka Tervuren. Katika misukosuko ya miaka ya 1990, vingi vya muze yetu viliibiwa, na vingine vikaonekana tena sokoni Ulaya. Mwaka wa 2019 jengo jipya la Musée National lilifunguliwa Kinshasa, kwa msaada wa Korea ya Kusini. Februari 2022 Ubelgiji ilikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyoko Tervuren, na mwaka ule ule ilipiga kura sheria ya kuvirudisha. Jengo lipo, orodha ipo, sheria ipo. Lakini nani atakaa mbele ya mistari hiyo 84,000? Nani atakwenda kijijini kuuliza kitu hiki kilitoka nyumba gani, kwa bei gani, kwa nguvu gani? Si waziri, wala si profesa mwenye miaka sabini. Ni huyu huyu "stajeri tu". Na nani atatazama chungu na kusema kwamba kilijengwa kwa kamba za udongo, kikalainishwa kwa kijiwe, kikachomwa kwa majani na magome ya miti? Ni mfinyanzi. Tukiwapoteza hawa wawili, vitu vitarudi vikiwa bubu, na tutanunua tena Ulaya maelezo ya vitu vyetu wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache, ambayo hayangojei mgeni mwenye feza.

La kwanza ni jina. Kila chungu kipya kinachoingia katika muze, katika maonyesho, hata katika kitabu kidogo kama hiki, kiandikwe jina la mwenye kukifinyanga, kijiji na mwaka. Na kwa vyungu vya zamani, badala ya kuandika kabila peke yake kana kwamba kabila lina mikono, kiandikwe: "Mfinyanzi: jina halikuulizwa." Maneno hayo mawili ya mwisho yatamfundisha mwanafunzi historia ya ukoloni kuliko hotuba ndefu.

La pili ni karatasi ya kweli. Atestasyo ya stajeri iandike kazi aliyofanya kwa hesabu, na fishi aliyoijaza ibaki na jina lake chini. Profesa akitumia mchoro wake katika kitabu, amtaje. Haigharimu hata franka moja.

La tatu, na ndilo kubwa, ni oda badala ya zawadi. Zawadi inampa mmoja na kuwarudisha kumi nyumbani bure. Oda inafanya kazi iendelee. Parokia zetu, shule, mahoteli na nyumba za matanga zinanunua maua ya plastiki na vyombo vinavyotoka mbali. Parokia ikiomba vyungu sita vya maji ya baraka, kijana mmoja amepata makala na chakula cha mwezi. Wazee wa Sanga walijua jambo hilo: chungu cha mtoto hakikutoka kwenye mashindano.

La nne, kuwaunganisha. Stajeri na mfinyanzi kijana waende pamoja kwa mama mzee ambaye bado anachoma vyungu kwenye moto wa wazi. Mmoja aandike, mwingine atie mikono katika udongo. Na mama naye alipwe kama mwalimu, asipewe tu chumvi na sabuni. Huyo hahitaji umeme kwa kazi yake. Elimu ambayo kijana anaililia mbele ya jiko lililozimika, mama anayo nyuma ya nyumba, lakini haitangoja miaka ishirini.

Kuna hatari moja ambayo hatutaki kuificha. Jina likianza kuleta feza, watatokea wenye kutia jina lao kwenye kazi ya wengine, na mkubwa wa karakana atasaini vyungu vya wanafunzi wake. Wachoraji wanaijua hadithi hiyo. Lakini dawa yake si kurudi katika ukimya. Ni kuandika zaidi: nani alichimba udongo, nani alijenga, nani alichora, nani alichoma. Stajeri aliyefundishwa vizuri anaweza kuandika hayo yote kwenye fishi moja.

Tunapenda kusema kwamba mila ni mti na sisi ni matawi. Basi tuwe wakweli juu ya bustani yetu. Muze inayohifadhi kigae cha miaka elfu moja na kumuacha mlangoni kijana anayejua kukitengeneza inahifadhi nusu tu. Vyungu vya Kisale vimefika kwetu kwa kuwa vilizikwa. Mikono ya leo haiwezi kuhifadhiwa kwa njia ile.