Mji wa Zinj na kosa la Virunga

Kosa la filamu ya Congo si magorila. Miaka yote hii watu wanaicheka filamu ile ya Frank Marshall ya 1995 kwa sababu ya gorila Amy na glovu yake inayoongea, huku jambo baya kuliko yote likiachwa lipite: mji wake wa kale, Zinj, umewekwa kwenye milima ya Virunga. Hapo ndipo filamu ilipoharibika, na hakuna leza ya almasi iliyoweza kuiokoa.

Sehemu yenyewe mnaikumbuka. Homolka, yaani Tim Curry, yuko mbele ya ukuta katikati ya msitu, anasoma maandishi ya michoro kama ya Misri ya kale yanayosema "tunakutazama". Na hadithi nzima ya mji huo imefungwa kwenye migodi ya Mfalme Sulemani. Hapo vimehamishwa vitu vitatu kwa mpigo. Jina limechukuliwa kwa Wazanj, watu wa pwani yetu walioandikwa na wasafiri wa Kiarabu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Maandishi yametoka bonde la Nile, na mwenye mali ametoka Yerusalemu. Virunga imeachiwa volkano na nyani wauaji.

Chukua ramani ukiwa Mkuyuni, hapa Mwanza, upime. Goma, chini ya Virunga, iko magharibi yetu, zaidi kidogo ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Kilwa iko kusini-mashariki, kama kilomita 1,000. Mji wa pwani umebebwa ukavushwa nchi nzima, ukapita juu ya vichwa vyetu na juu ya ziwa, na filamu haisemi umefikaje. Bunilizi ya sayansi inaruhusiwa kuhamisha chochote, ila ituonyeshe njia kilikopitia.

Tena jengo la kale limefungwa na jiwe lake, na mtu aliyejenga nyumba kwenye majabali ya Mwanza hahitaji kuelezwa hilo. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na Husuni Kubwa ni matumbawe na chokaa. Matumbawe ya nakshi yalikatwa majini yakiwa laini, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu, na chokaa ikapatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Bahari ikiondoka, hakuna Kilwa. Virunga nako kuna jiwe lake: nenda Goma uone kuta zilizojengwa kwa lava, nyeusi, yenye vitundu, kama ile Nyiragongo iliyoimwaga hadi katikati ya mji mwaka 2002. Aliyetaka mji wa Virunga alikuwa na jiwe tayari. Ukuta wa Homolka si wa pwani wala si wa mlimani. Ni ukuta wa seti, ungeweza kusimamishwa popote.

Na huyo Sulemani! Nimeshalilalamikia hili mara nyingi na sitaacha. Zimbabwe Kuu nayo walimpa yeye na Malkia wa Sheba, mpaka David Randall-MacIver alipochimba mwaka 1905 akasema ni kazi ya Waafrika, na Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha mwaka 1929. Miaka 66 baadaye Hollywood inatuletea tena uzushi uleule. Halafu volkano inalipuka, mji wote unateketea, na swali la nani aliujenga linateketea nao.

Sikatai, muziki wa Jerry Goldsmith ni mzuri, na Ernie Hudson anaibeba filamu mabegani.

Sasa linganisha na Planet of the Apes ya 1968. Franklin Schaffner aligeuza kila kitu, Sanamu ya Uhuru tu ndiyo aliyoiacha, nusu yake ikiwa mchangani, na Taylor, mhusika mkuu, akiiona anajua yuko wapi. Stargate ya 1994 nayo ina piramidi kwenye sayari nyingine, lakini lango limefukuliwa Giza na tunaona watu wakipita. Wazee wale walijua kazi. Baada yao ikaja Transformers ya 2009, Petra na Giza zikawa kama vijiji jirani. Wakanda, nchi ya kubuni ya sinema, nayo waliiweka Afrika Mashariki, halafu raia wake wakaongea Kixhosa. Niliandika kuhusu hilo filamu ilipotoka na kinyongo changu hakijaisha, ingawa Oscar ya 2019 ya mbunifu wake wa mandhari, Hannah Beachler, ilikuwa halali yake.

Anayetaka mji wa mawe wa bara asizushe. Thimlich Ohinga iko Kenya, upande wa pili wa ziwa letu: kuta za mawe zilizopangwa bila chokaa wala udongo, kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, za tangu karne ya 16, Urithi wa Dunia tangu 2018. Waandishi wa miswada wa Mwanza, nendeni mkaione kabla hamjaandika. Mnapanda basi la Sirari, mnavuka mpaka, mnaingia Migori.