Hongera, Mafundi wa Ndala

Machi 2021 jahazi la Flipflopi lilizuru Kisumu, jirani na ufuo wa Dunga, likaanza kulizunguka Ziwa Viktoria. Fundi Ali Skanda na wenzake waliliunda Lamu kwa taka za plastiki, wakalivika ndala kuukuu zipatazo 30,000. Hongera, mafundi! Mlichukua tulichotupa, mkakiyeyusha kikawa mbao, kisha mkazichonga mbao hizo kwa mikono ile ile iliyozoea mbambakofi. Wavuvi wa Dunga, ambao nyavu zao huzoa chupa pamoja na ngege na mbuta, wanaijua vyema taka hiyo. Nami sasa nikihitaji vigingi vya ua, naulizia vya plastiki iliyosindikwa. Bei ikizidi kidogo, nalipa kwa moyo mweupe.