Chuma Kwanza, Rangi Baadaye

Mwaka 2021 kampuni ya Carnival ilitangaza kuwa meli zake za watalii, ambazo kwa miaka mingi zilijulikana kwa weupe, zitavikwa buluu iliyokoza yenye milia ya nyekundu na nyeupe, kama meli yao iliyokuwa mpya wakati huo, Mardi Gras. Kwenye kompyuta meli hubadilika rangi kwa kubofya mara moja. Ubavuni mwa meli yenyewe, wenye urefu unaokaribia mita 300, rangi inamsubiri fundi, na fundi huyo anaweza kukaa siku kadhaa bila kufungua hata kopo moja.

Kazi huanzia chelezoni. Chelezo namba 10 cha Marseille, Ufaransa, kina urefu wa mita 465. Magogo ya kukalia mkuku hupangwa sakafuni kabla maji hayajaingizwa. Meli ikishaingia, lango hufungwa na maji huvutwa nje kwa saa kadhaa, wapiga mbizi wakihakiki kwamba inakaa pale pale ilipokusudiwa. Chini huonekana utelezi wa kijani na makombe yaliyoganda. Ubavu wote huoshwa kwa maji ya presha. Penye kutu hutumika mashine inayotoa maji kwa presha inayozidi mara elfu mbili ile ya hewa tunayovuta, mpaka chuma kibaki kitupu. Kingo za rangi ya zamani iliyosalia hupigwa msasa zilale, kwani hata ngazi ndogo huonekana chini ya rangi inayong'aa.

Hapo asiyejua atasema chuma kiko tayari. Mkaguzi hakiamini. Anabandika kibandiko kidogo cha mpira chenye uwazi katikati, anapenyeza sindano, anaingiza maji yasiyo na chumvi hata chembe, anayavuta, anayarudisha, anayavuta tena, kisha anapima yanavyopitisha umeme. Yakipitisha sana, chumvi ipo. Chumvi hiyo haionekani kwa macho, lakini huvuta unyevu kupitia rangi, na baada ya muda ubavu hutoka malengelenge. Jibu likiwa baya hakuna ubishi: sehemu hiyo huoshwa upya, ingawa jana ilioshwa.

Halafu kuna umande. Joto la chuma lazima lizidi lile la kutunga umande kwa angalau nyuzi 3, na unyevu wa hewa kwa kawaida usipite asilimia 85. Alfajiri chuma ni baridi. Basi mafundi husubiri, vipimo mkononi, huku kampuni ikiwa imeshauza vyumba vya safari ijayo na kila siku ya chelezo ikilipiwa. Kusubiri hivyo bila kuyumba ni ujuzi mzima.

Brashi hutangulia. Kila mshono wa kulehemu, kila kona na ukingo wa tundu hupakwa kwa mkono, kwa sababu rangi inayopulizwa hukimbia penye ncha na kubaki nyembamba. Baada ya hapo ndipo mpuliziaji anapanda kwenye kikapu cha kreni, amevaa kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Bunduki yake inasukuma rangi kwa presha inayoweza kupenya ngozi ya kidole. Anaielekeza kwa pembe mraba na ubavu, umbali wa sentimita 30 hivi, na mkono wote unatembea sambamba na chuma. Mgeni wa kazi huzungusha kifundo cha mkono, rangi ikajaa katikati na kukonda pembeni. Fundi mzoefu, kila pito lake linafunika nusu ya lililotangulia. Kila baada ya muda kibao chenye meno kama kitana huchomekwa kwenye rangi mbichi, na meno yaliyolowa yanasoma unene: rangi yenye yabisi asilimia 80 ikipulizwa mikroni 150, ikikauka hubaki 120. Pungufu ni kutu ya kesho, na ikizidi itachuruzika.

Mstari ndio mtihani. Omo la meli limejipinda na kutanuka kuelekea juu, hivyo mlia ulionyooka kwenye mchoro huonekana umevunjika ukitazamwa kutoka gatini. Fundi hupima kwa leza, hubandika utepe, hushuka, huenda mbali, hutazama, hurudi kuubandua mita chache na kuusogeza kidogo.

Wabunifu nao wana la kujifunza. Meli ya abiria QE2 iliporudi kutoka vita vya Falklands mwaka 1982 ilipakwa kijivu cheupecheupe. Ilipendeza, lakini kuitunza kulishinda, na mwaka uliofuata ikarudishiwa rangi iliyokoza. Sasa ni hoteli Dubai, Port Rashid.

Wakati wote huu abiria hawapo, lakini mabaharia wengi wanalala humo humo. Kiyoyozi kinaweza kuzimwa, vyoo vingine kufungwa, na kishindo cha kukwangua kinapita kwenye chuma hadi kitandani. Panapochomelewa, wao ndio hukaa zamu ya kulinda moto. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ulioanza kutumika 2013, unaweka pumziko lisilopungua saa 10 katika kila saa 24, na 77 katika siku 7. Piga hesabu: zinabaki saa 91 za wiki, na mimi sioni ukarimu hapo.

Miongoni mwao yumo serehangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, ambaye hufuatilia kazi ya chelezo kwa makini kuliko mtu wa ofisini. Siku ya kwanza nanga itakaposhushwa, mnyororo utakwaruza rangi mpya, na atakayeshushwa ubavuni kwa kamba na kikwangulio ni kijana wake. Ndiyo maana, kabla lango halijafunguliwa, huomba aachiwe makopo kadhaa ya buluu ya mchanganyiko ule ule, na huyafungia stoo mwenyewe.