Chaza Hung'aa, Karafuu Hunyamazisha

Taa ya chumba cha maabara imezimwa, na mchambuzi anaipitisha taa ya urujuanimno juu ya mirija iliyopangwa kwenye kishikio. Mitatu inang'aa buluu. Mwanafunzi angekwisha kuandika kwamba kuna E. coli. Mchambuzi anauliza kwanza ni chakula gani kilichosagwa humo, na akijibiwa kuwa ni chaza, kalamu inakaa mfukoni.

Mwanga huo unatokana na kimeng'enya kiitwacho glukuronidesi, ambacho aina nyingi za E. coli hukitengeneza. Kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria hutiwa kemikali ya MUG. Kimeng'enya kikiikata, kipande kimoja hung'aa chini ya taa. Ni ujanja mwepesi na wa kupendeza. Ila MUG haijui kimeng'enya kimetoka kwa nani, na chaza na kome wana glukuronidesi yao wenyewe mwilini. Chaza asiye na kijidudu hata kimoja cha aina hiyo anaweza kuuwasha mrija.

Njia ya kumtoa chaza kwenye ushahidi ni ya mikono zaidi kuliko mashine. Sampuli huoteshwa kwanza kwenye mchuzi usio na MUG. Kisha mchambuzi huchovya kitanzi cha waya na kuhamisha tone dogo hadi kwenye mrija mpya wenye MUG, unaowekwa katika maji ya nyuzi 44.5 za Selsiasi, joto ambalo E. coli hulistahimili na bakteria wengine wengi hushindwa nalo. Kimeng'enya cha chaza kilichovuka ni kidogo mno. Bakteria wakivuka, hata wachache, huzaana na kutengeneza kimeng'enya chao upya. Na kabla ya hayo yote mirija mitupu yenyewe ilikwisha kumulikwa, maana glasi nyingine hutiwa seriamu kiwandani, nayo hung'aa bila kuhitaji bakteria wala chaza. Mtu anayeishuku hata glasi ananivutia sana.

Chaza husema uongo kwa kung'aa. Viungo hudanganya kwa kunyamaza, na huo kwangu ndio uongo mbaya zaidi. Karafuu, ile inayoanikwa kwenye majamvi kule Pemba, imejaa yujenoli, mafuta yanayowazuia bakteria wasikue. Asiyekua hatengenezi kimeng'enya cha kutosha kuonekana, kwa hiyo mrija unabaki mweusi ilhali E. coli wamo, wamezubaa tu, wakisubiri kuangukia kwenye chakula kilicholala. Kitunguu saumu kina dawa yake: mchuzi hutiwa salfaiti ya potasiamu, nusu asilimia, na ukali wake unavunjika. Kwa karafuu, na mdalasini pia, mwongozo wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, unakiri kwamba hakuna dawa inayojulikana. Kilichobaki ni kuzimua: mdalasini sehemu 1 kwa 100, karafuu 1 kwa 1,000.

Hebu piga hesabu. Sampuli ya kawaida ya gramu 25 huingia kwenye mililita 225 za mchuzi. Karafuu za uzito huo huo zinadai karibu lita 25, ndoo nzima ya mchuzi uliochemshwa ukatakasika, kwa ajili ya viganja viwili vitatu vya kiungo. Mvivu angepunguza karafuu badala ya kuongeza mchuzi, na uwiano ungekuwa sawa kabisa kwenye karatasi. Lakini kama gramu 25 zina bakteria mmoja tu, kipande kidogo kina kila nafasi ya kumkosa.

Vipimo vipya vya PCR, vinavyotafuta DNA ya bakteria, havijaiondoa kazi hii. Navyo vinaendeshwa na kimeng'enya, polimeresi, kinachohitaji magnesiamu. Kalsiamu ya maziwa hugombea nafasi ya magnesiamu, na polifenoli za kakao hukishika kimeng'enya kikashindwa kusoma. Ndiyo maana kila mrija hutiwa kipande cha DNA kinachojulikana, ambacho lazima kionekane. Kisipoonekana, mchambuzi haandiki "hasi". Anaandika kwamba kipimo hakikufanya kazi, anaisafisha DNA upya au kuizimua zaidi, na mwenye shehena, hata akipiga simu mara ngapi, anangoja.