Mafundi wa Vumbi Jeupe

Wageni wengi wanaoteremka Kariandusi, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, huja kuangalia mashoka. Hawana kosa. Tangu Louis Leakey na wenzake walipoanza kuchimba hapa mwishoni mwa miaka ya 1920, mashoka ya mkono ya obsidiani, lile jiwe jeusi la kioo linalotokana na volkano, ndiyo yaliyokipa kituo hiki jina. Mengine yameachwa palepale yalipofukuliwa, na ni vigumu kusimama mbele yake usimvulie kofia fundi aliyeyachonga yapata miaka milioni moja iliyopita. Lakini sifa zake zimeshaimbwa sana. Mimi nakuomba ugeuze shingo utazame upande wa machimbo, kwenye weupe ule ambao wengi huupiga picha moja wakaenda zao.

Wapo wanaouita chokaa. Si chokaa. Ni diatomaiti, na imetokana na diatomu, mwani wa seli moja ambao jicho tupu haliuoni. Kila diatomu huchota silika iliyoyeyuka majini na kujijengea ganda la kioo lenye nusu mbili, moja ikiifunika nyingine kama kopo na kifuniko chake. Ikifa, sehemu laini huoza, ganda huzama. Ziwa lililokuwa hapa zamani, lenye kina kirefu na maji matamu, tofauti kabisa na Ziwa Elmenteita la leo lenye magadi, lilipokea maganda hayo kizazi baada ya kizazi hadi yakawa tabaka nene la mwamba. Shika bonge lake uone lilivyo jepesi. Liguse kwa ncha ya ulimi, litanata, kwa kuwa ndani ni vitundu vitupu vinavyonyonya kila unyevu. Ndiyo maana viwanda huitafuta diatomaiti kwa kuchujia vinywaji, kwa kutengenezea rangi za nyumba, na hata kwa unga wa kuulia wadudu wa ghalani. (Unga wenyewe usiuvute puani, silika na mapafu havipatani.)

Hayo ni mambo ya viwanda. Ninaowahusudu mimi ni watu wanaolisoma ganda mojamoja, na ili kuona ufundi wao ulifika wapi inabidi tuliache Bonde la Ufa kwa muda, twende kwenye barafu.

Mwezi Juni 1881, meli ya Kimarekani iliyoitwa Jeannette ilibanwa na barafu kaskazini mwa Siberia, ikapasuka, ikazama. Miaka mitatu baadaye, vitu vilivyosemekana kuwa vyake vikaokotwa kusini-magharibi mwa Greenland, upande wa pili wa Bahari ya Aktiki. Vimefikaje huko? Fridtjof Nansen, kijana wa Norwei, alijibu kwamba barafu yenyewe ndiyo inayosafiri: mkondo huibeba kutoka Siberia, ikapita jirani na Ncha ya Kaskazini na kutokea Greenland. Basi mtu akiunda meli isiyovunjika, akaingia nayo barafuni upande wa Siberia na kuganda humo, atavushwa bahari nzima akiwa ameketi. Wakongwe wa safari za barafu walimpinga. Adolphus Greely, Mmarekani aliyepoteza wengi wa watu wake huko kaskazini, alikuwa mkali kuliko wote. Nguo na makaratasi ya kuokotwa ufukweni hayakutosha kuwa ushahidi. Wengine walidai si ya Jeannette kamwe.

Hapo ndipo anapoingia mtu aliyekuwa amekaa mezani kwake Uswidi. Per Teodor Cleve alikuwa profesa wa kemia Uppsala, na ndiye aliyegundua elementi za holmiamu na thuliamu mwaka 1879. Penzi lake lingine lilikuwa diatomu. Nansen alikuwa amekusanya tope juu ya vipande vya barafu vilivyokuwa vikielea mashariki mwa Greenland, uchafu ambao baharia mwingine angeupangusa kwenye buti na kuusahau. Cleve akauweka chini ya hadubini. Mchanganyiko wa spishi alioukuta humo haukufanana na sampuli yoyote aliyopata kuichunguza, isipokuwa moja tu: ile iliyochukuliwa juu ya barafu karibu na mlango-bahari wa Bering na msafara wa meli ya Vega, ambao chini ya Adolf Erik Nordenskiöld ulipita kaskazini mwa Urusi yote mwaka 1878 na 1879. Kati ya sehemu hizo mbili kuna bahari ya barafu ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameivuka. Diatomu zilikuwa zimeivuka.

Nansen aliitia hoja hiyo katika mpango wake, pesa zikapatikana, na fundi Colin Archer akaunda Fram, meli yenye ubavu wa mviringo ili barafu ikiibana iinuke juu badala ya kupasuka. Iliondoka Christiania, Oslo ya leo, mwezi Juni 1893. Septemba ikaganda karibu na visiwa vya kaskazini mwa Siberia. Agosti 1896 ikachomoka kwenye maji wazi kaskazini mwa Spitsbergen, nzima, na mabaharia wake wote wako hai. Nansen mwenyewe alikuwa ameshuka njiani pamoja na Hjalmar Johansen, wakaifukuzia Ncha kwa mbwa na skii hadi nyuzi 86 na dakika 14, mbali kuliko mtu yeyote kabla yao. Vitabu vya safari hukaa sana hapo, kwenye mbwa na dubu. Sivilaumu. Ila nikisoma habari za Fram, mawazo yangu hurudi Uppsala, kwa yule mzee wa kemia na kioo chake.

Kwa nini naiita kazi hii ufundi, wala si elimu tu? Mtazame mtu anavyoandaa kioo kimoja cha diatomu. Anachukua tope kidogo la kujaa ncha ya kisu. Analitia asidi ya hidrokloriki kuondoa chokaa, kisha peroksaidi ya hidrojeni, analipasha moto pole mpaka povu litulie. Kilichokuwa na uhai kinateketea, kioo kinabaki. Halafu kusuuza, na hapa ndipo wenye haraka hujulikana. Anajaza maji yaliyokenekwa, anaacha maganda yatue chini usiku kucha, asubuhi anamimina maji ya juu bila kutikisa ya chini, anajaza tena, anaacha tena. Anayemimina mapema humwaga maganda madogo, ambayo hukawia kuzama, na hesabu yake yote itasema uongo: spishi kubwa zitaonekana nyingi kuliko zilivyokuwa ziwani. Akiridhika na usafi, anadondosha tone kwenye kioo chembamba na kuliacha likauke lenyewe, mbali na dirisha na feni. Likikaushwa kwa moto mkali, maganda hukusanyika mafungumafungu yakafunikana. Likikauka kwa utulivu hubaki utando mwembamba uliosambaa sawasawa, unaouona tu ukikiinamisha kioo mwangani.

Kuna na mtego mwingine. Ganda ni kioo, nalo limelala juu ya kioo. Ukilifunika kwa gundi ya kawaida ya hadubini, ambayo hupinda mwanga karibu sawa na silika, mistari yake hufifia hadi huioni tena. Kwa hiyo mafundi hutumia gundi maalumu inayoupinda mwanga zaidi, na mara mistari, vitundu na mbavu za ganda hujitokeza waziwazi. Mistari hiyo ni myembamba mno hata waunda lenzi wa karne ya 19 waliitumia kupimia kazi yao: lenzi isiyoweza kuitenga mistari ya diatomu iitwayo Pleurosigma angulatum ilihesabiwa duni.

Kisha kuhesabu. Anaanza ukingo mmoja wa kioo, anasogea safu kwa safu asirudie alikopita, kila ganda analipa jina lake, hadi afikishe 300, 400, wakati mwingine 500. Jina hutokana na vitu kama idadi ya mistari katika mikromita kumi, umbo la ncha, au tundu moja lililokaa upande usiotarajiwa. Vipande vilivyovunjika navyo vina sheria yake, visije vikahesabiwa mara mbili. Si kazi ya mtu asiyeweza kutulia. Na wapo waliouvusha uvumilivu huo hadi kwenye sanaa tupu: Johann Diedrich Möller wa Wedel, Ujerumani, alizipanga diatomu zaidi ya 4,000 kwenye kioo kimoja, kila moja mahali pake.

Kusini mwa dunia hadithi ni hiyohiyo, nami nitaipita upesi. Joseph Hooker, aliyekuwa kwenye meli ya Erebus kati ya 1839 na 1843, aliona barafu ya Antaktiki imetiwa madoa ya kahawia. Sampuli zilifika Berlin kwa Christian Gottfried Ehrenberg, na madoa yakawa diatomu. Hooker alitambua kwamba mimea hiyo midogo ndiyo inayolisha bahari ile yote, kamba wadogo hadi nyangumi. Baadaye meli ya Challenger, katika safari yake ya 1872 hadi 1876, ilivua kutoka sakafu ya bahari tope jeupe la maganda, ambalo sasa tunajua limelizunguka bara la Antaktiki. Msafiri wa Kariandusi angelitambua mara moja.

Kwetu pia yupo mtu wa pande zote mbili, barafu na Bonde la Ufa. Vivian Fuchs alikwenda Greenland mwaka 1929 akiwa mwanafunzi wa Cambridge. Mwaka 1930 akaja Kenya kama mwanajiolojia wa msafara wa E. B. Worthington uliochunguza maziwa ya Afrika Mashariki, na mwaka 1934 akaongoza msafara wake mwenyewe Ziwa Rudolf, Turkana ya leo. Huko wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini wasionekane tena. Utafiti wake wa udaktari ulihusu maziwa haya ya Bonde la Ufa: fukwe za kale zilizoachwa juu vilimani, matabaka ya tope, mapasuko ya ardhi. Dunia ilimjua baadaye kwa jambo jingine, kuivuka Antaktiki nzima kwa magari ya barafu, siku 99, kuanzia Novemba 1957 hadi Machi 1958. Njiani watu wake walisimama tena na tena kulipua baruti na kupima mwangwi, wapate kujua unene wa barafu. Wapo walioona anachelewa bure. Kwangu mimi ni tabia ya mtu aliyefunzwa na maziwa.

Mkono uliozijua diatomu za Afrika kuliko wote katika siku zetu ulikuwa wa Mfaransa Françoise Gasse, aliyefariki 2014. Alikusanya diatomu za maziwa yaliyo hai, akapima chumvi na magadi ya maji yanayopendwa na kila spishi, ili atakayezikuta katika tabaka la kale ajue maji yalikuwaje. Aulacoseira hupenda maji matamu yanayokorogwa na upepo. Anomoeoneis sphaerophora huvumilia magadi. Kwa kusoma namna hiyo, na kwa kupima umri wa majivu ya volkano, wanajiolojia wameonyesha kwamba kati ya miaka milioni 1.1 na laki tisa iliyopita Bonde la Ufa lilikuwa na maziwa yenye kina, na la Kariandusi likiwa mojawapo. Mwaka 2005 Gasse alitunukiwa nishani huko Uswidi. Inaitwa Nishani ya Vega, kwa heshima ya safari ya meli ileile iliyomletea Cleve sampuli ya kulinganishia.

Neno langu la mwisho ni kwa mwalimu wa biolojia anayeleta darasa lake Kariandusi. Ndani ya kituo cha makumbusho msiokote kitu, lakini omba unga kidogo kwa wenye machimbo. Utikise ndani ya maji safi, dondosha tone kwenye kioo, liache likauke polepole, kisha wape wanafunzi hadubini ya shule inayokuza mara 400. Gundi maalumu hutaihitaji: ganda kavu lisilofunikwa huonekana vizuri hewani.